Safari ya Kuongozwa Kwenda Tendaguru: Huduma Inayostahili Nauli Yake, Ila Majibu Yake Bado Pungufu

Kwa mkazi wa Lindi au Mtwara ambaye amesikia tangu utotoni habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilifukuliwa kwenye kilima cha Tendaguru, bila kufika mahali penyewe, ipo huduma ya safari ya siku moja inayoanzia mjini Lindi, inayoendeshwa na vijana wa hapa hapa wenye gari la kukodi, mwongozaji mmoja na chumba kidogo cha maonyesho. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa sekondari, na nilikwenda nikiwa na jambo mahususi la kupima: je, huduma hii inaweza kumfanya mtu wa kawaida, asiye na maabara wala maktaba, auone kwa macho yake ushahidi wa mageuko ya viumbe, na je, inayapokea namna gani mashaka ambayo watu wetu wanayo juu ya jambo hilo? Kwa swali la kwanza jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Kwa swali la pili huduma ina upungufu, na kwa kuwa upungufu wenyewe unarekebishika nimeona niuandike kwa kirefu kuliko sifa.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wa namna mbalimbali: wanafunzi wa kidato cha nne, muuguzi mstaafu, ustadhi anayefundisha madrasa, na wafanyabiashara wa korosho kutoka Mtwara waliokuja kwa udadisi tu. Malipo hutegemea idadi ya watu katika gari, na yanajumuisha usafiri, maji ya kunywa, chakula cha mchana na mchango unaokabidhiwa kijijini mbele ya wageni wote, jambo ambalo nimelipenda sana kwa kuwa wanakijiji ndio walinzi wa kwanza wa eneo lile. Gari lilikuwa imara na dereva alikuwa mwangalifu. Umbali kutoka mjini ni takriban kilomita 60 kuelekea kaskazini magharibi, lakini asikudanganye mtu kwamba ni mwendo wa saa moja, kwa sababu sehemu ya mwisho ni njia ya msituni yenye makorongo, na mbung'o hawana huruma. Vaa nguo za mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu.

Tukifika kilimani ndipo thamani ya huduma inapoonekana. Anayetarajia kuona mifupa mizima imesimama atavunjika moyo, maana iliyo mizima ilikwisha kuondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mwongozaji alikuwa muungwana kutueleza hivyo kabla hatujaondoka mjini. Kinachoonekana ni vipande. Kando ya korongo dogo lililochimbwa na mvua alichutama, akatuonyesha kipande cha mfupa kisichozidi urefu wa kiganja, akaturuhusu kukigusa lakini si kukiondoa, akikumbusha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchukua vitu vya namna hiyo. Kwa nje kilikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na zambarau hafifu, na mtu angeweza kukipita akidhani ni jiwe kama mawe mengine, ila upande uliovunjika ulionyesha vitundu vidogo vidogo vilivyosongamana kama vya mkate wa kumimina uliokatwa kwa kisu kikali. Jiwe la kawaida halina vitundu vya mpangilio ule. Muundo huo upo ndani ya mfupa wa mbuzi, wa kuku na wa binadamu, na mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akibisha njia nzima kwamba mambo ya dinosaria ni michoro ya filamu alikiinamia kipande kile kwa muda mrefu, akikitazama kila upande, bila kusema neno.

Historia ya uchimbaji ndiyo sehemu ambayo mwongozaji anaimudu kuliko zote, na anaisimulia kwa moyo. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, alikutana na mifupa mikubwa iliyofukuliwa na mvua karibu na kilima hiki. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuihakiki, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig kwa miaka ya mwanzo, ulichimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) na mawe yake. Mzigo huo wote ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi waliotembea siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, katika nchi iliyokuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Mwongozaji hakuiacha hadithi hiyo kwa Wajerumani peke yao. Alimtaja Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye ustadi wake wa kuitambua na kuifukua mifupa uliaminiwa na wataalamu wenyewe, na akaeleza kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Baada ya hapo walikuja Waingereza, kuanzia 1924 hadi 1931. Naandika haya kwa makusudi, kwa kuwa mashaka mengi ya watu wetu yanaanzia kwenye hisia kwamba habari za visukuku ni za kuletewa, wakati mikono ya kwanza iliyoifukua mifupa hii ilikuwa ya watu wa kusini mwa nchi yetu.

Yupo pia yule mjusi mwenyewe, Giraffatitan, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin tangu 1937 na ana urefu wa zaidi ya meta 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Hapa mwongozaji aliteleza kidogo aliposema kwamba mifupa yote ile ni ya mnyama mmoja. Si hivyo. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, nyingine zimeongezwa kutoka kwa wanyama wengine wa aina hiyo, na baadhi ya pingili za uti wa mgongo ni za kuchonga kwa sababu zile halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Kuyasema haya mapema ni bora kuliko kuyaficha, kwa sababu mwenye shaka akija kuyasikia kwingine ataona amedanganywa katika kila kitu.

Nije kwenye matabaka, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha safari. Miamba ya Tendaguru imepangana: yapo matabaka makuu matatu yenye mifupa ya dinosaria, na katikati yake yamelala matabaka ya mchanga uliogeuka jiwe, yenye makombe na konokono wa baharini. Mwongozaji alituonyesha kipande cha jiwe chenye alama za kombe zenye matuta, akaeleza kwamba zamani zile hapa palikuwa pwani, yenye mabwawa ya maji ya chumvi na fungu za mchanga, na kwamba bahari ilipanda ikafunika nchi kavu, ikarudi nyuma, ikapanda tena. Maelezo hayo ni sahihi, na kwa watu waliokulia pwani yanaeleweka bila mchoro.

Palepale mmoja wa wafanyabiashara akasema kwamba jambo hilo halina ugeni, kwani ndiyo Tufani ya Nuhu, na wenzake wakaitikia. Mwongozaji alitabasamu akasema kila mtu ana imani yake, akaendelea mbele. Hapo ndipo nilipoona upungufu wa huduma. Hoja ile ilikuwa ya dhati, imetolewa kwa adabu, na jibu lake lilikuwa chini ya miguu yetu. Kama maji ya tukio moja ndiyo yaliyoleta kila kitu hapa, tungetazamia kukuta viumbe wamechanganyika: mijusi mikubwa pamoja na tembo, papa wa leo pamoja na ng'ombe, kombe za kale pamoja na hizi tunazookota Mikindani. Hatukuti hivyo. Tunakuta zamu: nchi kavu na wanyama wake, juu yake bahari na viumbe wake, juu yake tena nchi kavu. Katika uchimbaji wote wa Wajerumani na wa Waingereza, kati ya maelfu ya mifupa, haukutoka ndani ya matabaka hayo mfupa mmoja wa tembo, wa twiga, wa ng'ombe wala wa binadamu. Wanyama wanaonyonyesha waliopatikana Tendaguru wanajulikana kwa taya na meno madogo madogo, na walikuwa na ukubwa wa panya. Mpangilio huu unakubaliana na ule unaoonekana katika miamba ya umri huo kwingineko duniani, na ni mpangilio unaoweza kukosolewa na mtu yeyote mwenye sururu: upatikane mfupa mmoja wa ng'ombe ndani ya tabaka la Giraffatitan, na wataalamu watalazimika kuanza upya. Hayo yangeweza kuelezwa kwa dakika tano bila kuigusa imani ya mtu, kwa sababu swali lililoulizwa lilihusu mawe, na mawe yale tulikuwa tumesimama juu yake.

Kosa kubwa zaidi lilihusu umri. Mwanafunzi aliuliza inajulikanaje kwamba mifupa ina miaka takriban milioni 150, naye akajibiwa kwamba ilipimwa kwa kaboni. Jibu hilo ni baya kwa sababu si kweli, na ni baya zaidi kwa sababu wenye kubisha wanalijua kosa lake. Kaboni inayotumika kupimia umri hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, kwa hiyo katika kitu kilichozidi miaka 50,000 hakuna kiasi kinachobaki cha kupimika kwa uhakika. Umri wa Tendaguru ulipatikana kwa njia nyingine. Katika matabaka ya bahari wamo amonaiti, viumbe wa jamii ya pweza na ngisi waliokuwa na magamba ya kujiviringa, ambao aina zake zilibadilika haraka na kuenea baharini kote, pamoja na visukuku vidogo sana vya kuonekana kwa darubini. Aina hizo hizo hupatikana katika miamba ya nchi nyingine, na kwingine matabaka yake yamepakana na majivu ya volkano yenye fuwele za madini zilizobeba urani. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na aina yake iliyo nyingi zaidi huchukua miaka takriban bilioni 4.5 kupungua nusu, hivyo inafaa kwa umri mrefu kama huu. Ni mnyororo wa hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kukaguliwa. Nilimweleza mwongozaji haya tukiwa pembeni, naye aliyaandika kwenye daftari lake papo hapo, jambo lililonipa matumaini na huduma hii kuliko kitu kingine chochote.

Sehemu inayofuata haimo kabisa katika maelezo yao, nami naona ni hasara. Nchini Marekani kuna miamba ya zama zile zile za Tendaguru, iitwayo Morrison, na ndani yake wamo wanyama wanaofanana na wa kwetu bila kuwa sawa nao. Wao wana Brachiosaurus, aliyetangazwa 1903 kutokana na mifupa ya Colorado; sisi tuna mnyama ambaye Janensch alimweka katika kundi hilo hilo mwaka 1914, hadi uchambuzi wa baadaye, hasa ule wa 2009, ulipoonyesha kwamba tofauti za mifupa ni nyingi kiasi cha kumstahilisha kundi lake mwenyewe la Giraffatitan. Wao wana Stegosaurus mwenye mabamba mapana mgongoni. Sisi tuna Kentrosaurus, mdogo wake kwa umbo, mwenye mabamba membamba mbele na miiba mirefu kuanzia mgongoni hadi mkiani. Kwa nini wafanane kiasi hicho na kutofautiana kiasi hicho? Mageuko yanatoa jibu linaloeleweka: walitokana na wazazi wa kale waliozagaa wakati mabara yalikuwa yameungana, kisha nchi zikaachana na kila upande ukaenda na mabadiliko yake. Picha mbili tu za kulinganisha, zikiwekwa ukutani pale Lindi, zingefundisha zaidi ya saa nzima ya maneno.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga na kisamvu, kitamu na cha kutosha. Mazungumzo yaliyofuata chini ya mti yalikuwa bora kuliko maonyesho yote rasmi, na nashauri wenye huduma wayape nafasi katika ratiba badala ya kuyaacha yatokee yenyewe.

Mfanyabiashara yule wa korosho alisema wazi kwamba anakubali wanyama hawa walikuwepo wakaisha, ila hakubali kwamba kiumbe anaweza kubadilika, kwa sababu hajawahi kumwona hata mmoja akibadilika. Aliyemjibu ni muuguzi mstaafu. Alimkumbusha zama za klorokwini, ambapo mgonjwa wa malaria alimeza vidonge vichungu, akajikuna mwili mzima, akapona. Kisha ikaja miaka ambayo wagonjwa walimeza dozi kamili na homa ikarudi vile vile. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuingia dawa nyingine iitwayo SP, na kufikia 2006 ikahamia dawa mseto. "Dawa haikubadilika, baba," alimwambia, "kiwanda kilikuwa kinatengeneza ile ile. Aliyebadilika ni kimelea."

Muuguzi aliishia hapo, nami nikaongeza kilichobaki, kwa sababu watu wengi hudhani kimelea "kilijifunza" kuishinda dawa. Hakijifunzi. Katika mabilioni ya vimelea vilivyomo miilini mwa watu, vichache huzaliwa na badiliko dogo katika vinasaba, badiliko ambalo wakati wa amani halina faida. Dawa inapoingia huua vingine vyote, vile vichache hubaki, na kizazi kinachofuata ni uzao wao. Ushahidi ulio wazi zaidi uko jirani yetu Malawi, iliyoacha kutumia klorokwini mwaka 1993: dawa ilipoondoka, vimelea visivyo na usugu vikaanza kutawala tena, hata miaka kadhaa baadaye watafiti wakaona klorokwini inawaponya tena wagonjwa waliopewa. Mazingira yalibadilika mara mbili, na mara zote mbili vimelea vikafuata. Hilo ndilo linaloitwa uteuzi asilia, na limetokea ndani ya umri wa watu waliokuwa wamekaa pale mkekani.

Kwa walioona kimelea ni kitu kidogo mno, upo mfano wa ng'ambo ya Ruvuma. Katika hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, tembo waliuawa kwa wingi kwa ajili ya pembe wakati wa vita vya 1977 hadi 1992. Kabla ya vita takriban jike mmoja kati ya watano hakuwa na pembe. Baada ya vita, karibu nusu ya majike hawakuwa nazo, na mabinti zao wengi wakarithi hali hiyo. Utafiti uliotolewa 2021 ulionyesha sehemu za vinasaba zinazohusika. Mwindaji alichagua mwenye pembe, na asiye nazo akabaki kuzaa.

Mfanyabiashara alifikiri kidogo, akasema: "Sawa, mwalimu, lakini kimelea kimebaki kimelea, na tembo amebaki tembo." Ni pingamizi la haki, tena ndilo zito kuliko yote niliyoyasikia siku ile, na ni hapo hasa ninapoona huduma hii ina mali ambayo wenyewe hawajaitumia. Malaria na tembo vinatuonyesha namna mabadiliko yanavyofanya kazi, lakini ndani ya muda mfupi mno kwa mabadiliko makubwa kutokea. Kilima kinatuonyesha muda wenyewe. Miaka ishirini ilitosha kubadili usugu wa kimelea. Kati yetu na Giraffatitan iko miaka milioni 150, na katikati ya mwanzo wa muda huo na leo ndipo wanyonyeshaji wadogo wa zama zile walipotoa, kwa matawi mengi, popo, nyangumi, tembo na sisi. Mwongozaji anayefundishwa kuunganisha pande hizo mbili, ya zahanati na ya kilima, atakuwa amempa mgeni hoja kamili. Kwa sasa anampa kilima peke yake.

Ustadhi alikuwa amesikiliza kwa utulivu, kisha akauliza swali ambalo nadhani kila mwalimu wa Baiolojia mikoa hii amewahi kuulizwa: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani wapo mpaka leo? Mwongozaji alijibu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tumekuja kuona mifupa. Nasema kwa heshima yote kwamba jibu hilo linapaswa kuachwa. Ustadhi hakuuliza kwa kejeli, na alistahili kujibiwa. Sayansi haisemi kwamba nyani yeyote aliye hai ni babu yetu. Inasema kwamba sisi na sokwe wa kule Gombe ni kama matawi mawili ya ukoo mmoja, yaliyoachana takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tawi moja kuendelea hakulifuti jingine. Wala si mambo ya Wazungu, kwa sababu nyayo za Laetoli, zenye takriban miaka milioni 3.66, ziko Tanzania, na fuvu la Zinjanthropus, lenye takriban miaka milioni 1.75, lilipatikana Olduvai mwaka 1959. Tena uko ushahidi ndani ya miili yetu: sokwe ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 48, sisi tuna 46, na kromosomu yetu moja, ile ya pili, ina alama za kuungana kwa mbili ambazo kwa sokwe zimebaki mbalimbali.

Ustadhi alisema kwamba umri wa dunia na mijusi ya kale havimpi tabu, ila la asili ya Adamu ni jambo ambalo kwake lina msingi mwingine, na hatalipima kwa mifupa. Nilimjibu kwamba hakuna chombo cha maabara kinachopima roho wala makusudi ya Muumba, na kwamba darasani kwangu simwombi mwanafunzi aache dini yake. Ninamwomba ausome ushahidi jinsi ulivyo na aweze kueleza umetokana na nini. Tuliachana bila kukubaliana, ila tulikuwa tumezungumza jambo lenyewe. Kipimo hicho ndicho ninachotaka huduma hii ijipime nacho: mgeni asilazimishwe kukubali, lakini asinyimwe jibu.

Kwa sababu hiyo sikifurahii chumba cha maonyesho cha Lindi kama kilivyo sasa. Ukutani kuna ule mchoro unaojulikana sana, wa nyani anayeinama, kisha anainuka hatua kwa hatua hadi anakuwa mwanamume aliyesimama wima. Mchoro huo ndio unaozaa swali la Ustadhi, kwa kuwa unaonyesha mstari mmoja badala ya matawi, na ningeuondoa leo hii na kuweka mchoro wa mti. Pembeni yake ipo picha nzuri ya silikanti, samaki wa jamii ya kale sana, na wamefanya vyema kutaja kwamba wa kwanza kuripotiwa Tanzania alinaswa 2003 eneo la Songo Mnara, Kilwa, mkoani humu humu. Maelezo yaliyoandikwa chini yake, hata hivyo, yanasema samaki huyu "hajabadilika kamwe", na nimewasikia wanaobisha wakilitumia dai hilo kama ushahidi kwamba mageuko hayapo. Silikanti wa leo si wa aina iliyomo katika visukuku. Wale wa kale walikuwa na maumbo na ukubwa wa namna nyingi, wengine wakiwa wadogo wa kushikika mkononi. La kutazamwa kwake ni mapezi yenye nyama na mifupa ndani, yaliyopangika kwa namna inayokaribia kiungo cha mnyama wa nchi kavu kuliko pezi la changu. Mvuvi yeyote wa Lindi aliyewahi kupasua samaki ataiona tofauti hiyo mara moja akionyeshwa.

Pamoja na hayo yote, nawashauri walimu wa Baiolojia wa mikoa hii miwili wawapeleke wanafunzi wao, hasa kabla ya kuianza mada ya mageuko, na wawaandae kwa maswali badala ya kuwaandalia majibu. Wazee na viongozi wa dini nao waalikwe, maana bila Ustadhi na muuguzi safari yetu ingekuwa matembezi tu. Ombeni kwa mwongozaji muda wa kutosha kwenye korongo lenye kombe na mfupa, kwa sababu akiachwa mwenyewe hulipita upesi ili kuwahi sehemu ya historia. Safari hufanyika kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba au Novemba kutegemea mvua, na magari madogo ya mjini yasijaribu njia ile hata katika miezi hiyo. Mwongozaji ameniomba nimwandikie ukurasa mmoja kuhusu umri wa miamba na mwingine kuhusu usugu wa dawa, nami nimempatia yote miwili. Atakayekwenda msimu huu amuulize habari za kaboni asikie anajibu nini.